Mfuko wa Ndani, Upande wa Kushoto

3 Februari

Mwanangu, Nusu Daktari,

Salamu zangu zikufikie wewe, mumeo na mtoto, ambaye natumaini ameacha kula chaki. Mimi sijambo. Cherehani haijambo. Pazia za sebuleni nimezifua kwa maji ya moto, kinyume na kila ninachowaambia watu, zikarudi fupi kwa vidole vinne, na sasa wapita njia wananiona kuanzia magoti kushuka chini. Paa la jikoni limezibwa. Fundi alikuja mara tatu, na ile ya tatu alikumbuka kuleta ngazi.

Tafadhali usinipigie simu juu ya barua hii. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi huna budi kunisubiri nimalize.

Habari yenyewe ni kwamba mwisho wa Machi nastaafu. Miaka ishirini na sita nimeshona sare za wahudumu wa meli ya kitalii, makoti meupe ya vifungo sita, na meli yenyewe sijawahi kuiona hata kwa mbali. Sasa kampuni imenipa zawadi ya kuagwa: siku kumi na mbili ndani ya meli hiyo hiyo, chumba cha watu wawili, chakula juu yao. Tunaondoka tarehe 17 Mei. Nilikubali kabla msimamizi hajamaliza kunisomea.

Kuna jambo jingine dogo. Novemba moyo wangu ulianza kwenda mrama nikiwa nakata kola. Daktari akasema ni ugonjwa ule ule wa baba yako, mapigo hayafuati mpangilio, akaniandikia dawa mbili za kila siku: moja ya kutuliza mwendo, moja ya kuzuia damu isigande. Nilitaka kukwambia mapema, ila pazia zilikuwa zimelowekwa.

Shangazi yako.


19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mtoto ameacha chaki, sasa anakula kifutio. Mume wangu anakusalimu na anauliza kama unaweza kumrefushia suruali, maana ananenepa kuelekea chini, ndivyo anavyosema yeye.

Umeandika mistari mingi juu ya pazia na paa, na moyo wako ukaupa mistari michache mwishoni. Mimi kazi yangu ni kubandika waya kwenye vifua vya watu na kusoma mioyo yao ikijichora kwenye karatasi. Watu thelathini kwa siku. Na shangazi yangu mwenyewe ananiambia baada ya miezi mitatu, tena baada ya fundi wa paa.

Sitaki uende. Nasema wazi ili usije ukasema sikusema. Baba naye alikuwa akisafiri kiharusi kilipomchukua, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Melini kuna ngazi, jua, chumvi kwenye kila sahani, na hospitali ya karibu iko ng'ambo ya maji.

Kama huwezi kuzuilika, basi nenda na barua ya daktari, na nakala ya kipimo chako cha moyo ukiwa umetulia ili daktari wa meli awe na cha kulinganisha. Kunywa maji. Saa ya meli ikibadilishwa, dawa zako usizibadilishe ovyo, muulize daktari kabla. Na dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa linachelewa, linapotea, linakwenda nchi nyingine bila mwenyewe. Mkobani, Shangazi. Si kwenye sanduku. Mkobani.

Binti yako.


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Suruali ailete, ila kitambaa cha kumrefushia mtu kuelekea chini sijawahi kukiona dukani.

Huku wameanza kuniaga kabla sijaondoka. Msimamizi amenipa hotuba ya dakika ishirini ambamo alinisifia mikono, macho na uvumilivu, akanivika kilemba cha ukoka mpaka nikatamani kumkumbusha kwamba mwezi uliopita alinikata siku moja ya likizo. Nilimwacha amalize. Anastaafu mwakani, ni yeye atakayeshika kipaza sauti siku hiyo.

Nimesoma maagizo yako. Mkoba umeuandika mara tatu. Nimekuelewa mara ya kwanza.

Daktari wangu anasema ugonjwa huu si kifungo. Anasema moyo ukionekana umetulia siku ya kipimo, tarehe 28 Aprili, atatia sahihi cheti cha meli. Ameniongezea kidonge cha tatu, ambacho si cha kila siku. Nakaa nacho tu, na nakimeza moyo ukianza fujo, halafu naketi. Fomu ya meli ina pengo la kuandika magonjwa. Niliandika "hakuna", daktari akanitazama, nikafuta.

Nguo nne za safari ziko tayari. Zote nimezitia ule mfuko mdogo wa ndani, upande wa kushoto, kama ninavyoutia kwenye kila kinachopita mikononi mwangu miaka hii. Msimamizi aliwahi kuniuliza ni wa nini, maana kwenye mchoro wa sare haumo. Nikamwambia unaimarisha bitana. Hajui lolote juu ya bitana, akaenda zake.

Nina miaka sitini na minne na sijawahi kulala mahali ambapo sitandiki mwenyewe. Nataka kwenda, mwanangu. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Pole kwa kuchelewa. Kazi nyingi. Mashine moja imeharibika, kwa hiyo iliyobaki inafanya kazi ya mbili na mimi vilevile. Jirani wa juu ameanza kujifunza tarumbeta. Mtoto ameota jino.

Hongera kwa kustaafu. Natumaini hotuba zilikwisha.

Huku mvua inanyesha kidogo. Sina jingine.

Binti yako.


16 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Natumaini hamjambo nyote.

Jana nilikwenda kuchukua dawa zangu na daktari akanionyesha barua yako. Kwa kuwa miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, alinisomea kwa sauti. Nesi alisikia. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akisubiri zamu yake naye alisikia, na alipopita akanipa pole.

Umemwomba asitie sahihi. Umemwandikia kwa karatasi yenye muhuri wa kazini kwako kwamba mimi huficha dalili, husahau dawa, na napenda chumvi. La chumvi ni kweli. Dawa sijasahau hata siku moja, na kama ungeniuliza ningekuonyesha kalenda. Daktari amesema ataangalia kipimo cha tarehe 28, si barua. Ni mtu mwenye adabu, alikunja karatasi yako vizuri kabla ya kunipa.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na tarumbeta na jino. Kumbe ulikuwa na jingine.

Mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa sketi, mbele ikiwa mbele. Sitaki kupigwa marufuku kwa mlango wa nyuma. Lakini nakujua, na huwa huna hila. Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na unijibu kwa wino: unaogopa nini ambacho hujaniambia?

Shangazi.


24 Aprili

Shangazi, shikamoo. Nisamehe. Sina salamu nyingine leo.

Sanduku la baba nililipanga mimi.

Unakumbuka nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza, anakwenda kumwona rafiki yake wa zamani, na alikuwa na wasiwasi wa kila kitu isipokuwa vile vilivyostahili. Alinipangia vitu vyake kitandani akasema, funga wewe, mimi nitakunja vibaya. Dawa zilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi wa duka la dawa. Niliutia chini ya shati la bluu, kwenye sanduku kubwa, nikavuta zipu. Mkoba wake wa mkononi ulikuwa pale pale mlangoni. Ndani alikuwa na gazeti na machungwa mawili.

Alifika, sanduku halikufika. Alinipigia akicheka, akasema limepanda ndege nyingine kwa kiburi. Mimi sikuuliza dawa. Hata haikunijia akilini. Siku ya pili halikufika. Siku ya tatu akaanguka bafuni kwa rafiki yake. Sanduku lilifika siku ya nne, na wewe ndiye uliyekwenda kuleta vyote viwili, sanduku na yeye.

Miezi michache baadaye darasani walitufundisha dawa hiyo ni ya nini, na kinachotokea mtu akiiacha. Nilinyoosha mkono nikaomba ruhusa ya kwenda nje.

Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Tangu siku ile sijafunga sanduku la yeyote. Hata langu hulifunga yeye, na anadhani mimi ni mvivu.

Sasa unajua. Ukitaka kwenda, nenda. Nimemwandikia daktari wako kufuta maneno yangu.

Binti yako.


5 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma. Kipimo kilikuwa kizuri, daktari ametia sahihi.

Siwezi kukujibu sasa. Si hasira. Vifungo vya gauni la mwisho havijakaa sawa na siku zimekwisha.

Dawa zote ziko mkobani.

Shangazi yako.


26 Mei, baharini

Mwanangu,

Salamu kutoka chumba chenye dirisha la duara. Mwenzangu humu ni mwalimu wa kike wa hesabu aliyestaafu, mtu mwema, anayehesabu vidato vya ngazi kila tunapopanda na kunipa jumla. Chakula ni kingi, na nimewaambia wapunguze chumvi, wakapunguza mpaka nikajuta.

Siku ya kwanza niliketi mezani nikamwona mhudumu mwenye mvi amevaa koti langu. Nililitambua kwa mshono wa bega. Nikamwambia kifungo cha tatu si changu. Akashtuka, akakiri kwamba kile cha asili kilidondoka, hicho ni cha mkewe. Nikamwomba anifunulie bitana. Ule mfuko wa ndani anawekea miwani ya kusomea, asionekane mzee mbele ya wageni. Alinipeleka kwa wenzake. Mmoja anaweka peremende, mmoja picha ya binti yake, mmoja hakutaka kusema. Wote walidhani kampuni ndiyo iliyowafikiria.

Siku ya tano, saa sita mchana, lifti ilikuwa na foleni, nikapanda ngazi. Vidato thelathini na nane. Kwenye cha thelathini hivi moyo ukaanza fujo, fujo kubwa kuliko ya Novemba, macho yakawa na ukungu. Niliketi hapo hapo ngazini, watu wakanipita na sahani zao. Mwalimu alinishika kifundo cha mkono akahesabu, kisha akasema hesabu hii haina mpangilio wowote, nikamwambia ndivyo wanavyosema wote. Nikatoa kile kidonge cha tatu mfukoni, upande wa kushoto, nikakimeza kwa maji ya mhudumu mwenye mvi. Wakanishusha kwa daktari wa meli. Alinibandika waya, akaweka kipimo chake kando ya ile nakala uliyonilazimisha kuibeba, akatikisa kichwa, akaniweka kitandani. Kabla ya chakula cha jioni moyo ulikuwa umerudi kwenye mstari. Nilikunywa supu.

Lakini pale ngazini niliogopa, mwanangu. Niliogopa kufa na hili ninalokuandikia sasa. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima, na kila nilipochukua kalamu nilichukua sindano.

Baba yako aliacha dawa wiki sita kabla ya safari.

Alikuwa anamnyoa mteja, wembe ukamkata kidole gumba. Unajua dawa ile inavyofanya damu. Haikukoma kwa robo saa, ikaingia kwenye taulo, ikaingia kwenye kola ya mteja, na yule bwana akaondoka na ndevu nusu, asirudi tena. Baba yako alikuwa amenyoa watu miaka thelathini pale dukani na hakuwahi kumtoa mtu akiwa nusu. Alikuja kwangu Jumapili akasema kinyozi anayetoka damu mbele ya wateja ni afadhali auze viatu. Akasema ameacha vile vidonge. Nikamgombeza. Akanishika mkono akasema, "Usimwambie mtoto. Atanihubiria." Nikamwapia.

Nilidhani ni kiburi cha siku mbili. Zikawa wiki sita. Kila Jumapili nilimwona, na kila Jumapili nilijua, na nilimmiminia chai.

Sanduku lilipofika nililifungua mimi. Chini ya shati la bluu kulikuwa na mfuko wa karatasi, na pini mbili za duka la dawa zilikuwa bado zimeuma karatasi. Hakuwahi kuufungua. Ndani kichupa kilikuwa kimejaa, na lebo yake ina tarehe ya wiki ile ile ya wembe. Kichupa nimekiweka kwenye kopo langu la vifungo miaka kumi na moja, na kopo nimelibeba hadi huku, usiniulize kwa nini. Lebo nimekubandulia, imo ndani ya bahasha hii. Isome mwenyewe, wewe ni mtu wa vipimo. Hata sanduku lingefika kabla yake, asingemeza hata kimoja. Si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja.

Ni mimi. Ningekwambia, ungemhubiria, angenuna, angemeza, angekuwepo. Na baadaye sikunyamaza kwa sababu ya kiapo. Nilinyamaza kwa sababu ungeniuliza kwa nini sikukwambia, na sina jibu. Sikujua kwamba na wewe ulikuwa umebeba sanduku lile. Nilidhani ukali wako ni wa kazi.

Ule mfuko wa ndani nilianza kuutia wiki ya mazishi. Nguo ya kwanza ilikuwa gauni lako jeusi.

Tunashuka tarehe 29. Barua hii naituma kesho, meli ikitia nanga.

Shangazi yako.


12 Juni

Shangazi, shikamoo.

Hatujambo. Mtoto ana meno manne na kifutio kimekwisha. Jirani wa juu ameuza tarumbeta. Suruali imeshindikana, tumenunua nyingine.

Barua yako ilifika tarehe 1. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Siku mbili nilikukasirikia wewe, siku mbili baba, halafu nikarudi kwako. Wiki sita, Shangazi. Na mimi nilikuwa naishi naye nyumba moja, nasomea mioyo ya watu, sikuona chochote. Kwa hiyo hasira ikazunguka ikarudi kwangu, na hapo nikachoka nayo.

Lebo nimeisoma mara nyingi. Tarehe haibadiliki.

Nilimwambia mume wangu yote, kuanzia shati la bluu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema miaka yote hii alidhani siwezi kukunja mashati. Nililia kidogo na yeye akaenda kuchemsha maji, halafu akasahau kuweka chai.

Jumamosi nilifungua kabati nikatoa kila nguo uliyonishonea. Ziko tisa. Mifuko tisa. Nilikuwa nikidhani ni makosa ya kukata, nikaona aibu kukwambia. Kwenye gauni jeusi nilikuta kitambaa cha mkono, kimekunjwa, nilichokitia siku ile ya mazishi na kukisahau.

Lile swali uliloliogopa sitakuuliza kwa barua. Nitakuuliza ana kwa ana. Kama huna jibu, tutakaa tu.

Moyo uliofanya fujo ngazini unahitaji kuangaliwa na watu wanaojua, na daktari wetu amekubali kukuona tarehe 3 Julai. Waya nitakubandika mimi, na utanyamaza wakati wa kipimo, kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe 30 nakuja kukuchukua. Nitavaa gauni jeusi, joto lisinizuie. Dawa zako za njiani zitakaa mfukoni mwangu, ndani, kushoto.

Wewe toa nguo kabatini, uzipange kitandani, uishie hapo. Sanduku usilifunge. Nitalifunga mimi.

Nusu Daktari wako.